Pisi lili yangu ilivyohamishiwa chungu kipya Mikocheni: nilicholipa, nilichopenda na kilichonikera

Nianze na bei za kitalu nilikoipeleka, maana najua wengi ndizo mnazozitafuta. Kuhamisha mmea mmoja kutoka chungu cha zamani kwenda kipya, kazi ya mikono peke yake, ni shilingi 5,000. Udongo waliokwisha kuuchanganya wanauuza 6,000 kwa kiroba. Chungu ni juu yako: vya plastiki vinaanzia 7,000, vya zege vinapanda mpaka 40,000 na zaidi, kutegemea ukubwa na, tusifichane, kutegemea umeshuka kwenye gari gani. Mimi nilipeleka pisi lili moja iliyonenepa nikarudi na mbili. Kazi, viroba viwili vya udongo na vyungu viwili vya plastiki, kimoja cha 7,000 na kingine cha 9,000, jumla ikaja 33,000. Tukavutana, nikalipa 30,000 kwa lipa namba. Kule kuugawa mmea hawakuniongezea kitu.

Kitalu kiko Dar, kando ya barabara ya Old Bagamoyo, upande wa Mikocheni, kwenye ule msururu wa wauza maua. Hakina kibao. Utakijua kwa mwarobaini mkubwa na neti nyeusi ya kivuli iliyochanika upande wa barabarani. Mwenyewe ni mzee wa Kisambaa, mtu wa Lushoto, na ana vijana wanaomsaidia. Shikeni hilo kabla ya lolote lingine, kwa sababu kazi ya mzee na kazi ya vijana wake ni vitu viwili mbalimbali, ingawa bei ni ileile na udongo unatoka kwenye viroba vinavyofanana.

Kwa ambao jina haliwajii haraka, pisi lili ni lile ua la majani ya kijani kilichoiva, yanayong'aa, halafu linatoa kitu cheupe kimesimama peke yake juu ya kikonyo kirefu. Mnalikuta mapokezi ya benki, kwenye kumbi za harusi, kwa daktari wa meno. Ule weupe wenyewe ni jani lililogeuka. Maua halisi ni vile vipele vidogo vilivyojipanga kwenye kijiti cha katikati. Ukoo wake ni mmoja na magimbi, na mtu aliyewahi kumenya magimbi mabichi atakubali, kwa sababu utomvu wa huyu nao unawasha. Asili yake hasa ni misitu ya mvua ya Amerika ya kitropiki, Kolombia na majirani zake, chini kabisa ya miti mikubwa ambako jua halifiki ila kwa vipande. Ardhi ya kule ni majani yaliyooza juu ya majani yaliyooza: ina maji muda wote, lakini ina hewa. Ndiyo maana mmea huu unapenda unyevu na bado unakufa kwenye tope. Watu wengi wanaoniambia pisi lili zao "zimekataa" wanazikalisha kwenye udongo uliogandamana, kisha wanaongeza maji.

Yangu inakaa saluni, Sinza. Nina saluni ya kike, na ua nililetewa na mteja tulipofungua. Nililiweka kati ya sinki la kuoshea nywele na dirisha linalotazama ukuta wa jirani. Mwanga ni wa kukopa, lakini kuna mvuke wa stima kutwa, na likapenda. Likaendelea kupenda mpaka chungu chake cha plastiki kikaanza kuvimba tumbo. Ukimwagilia asubuhi, maji yanapita mbio yanatokea chini yakiwa safi, na saa nane mchana majani yote yamelala chali. Wateja wakawa wananiuliza, "Dada, ua lako linaumwa?" Mizizi ilishatoka kwenye matundu ya chini inatafuta njia, na maua ya msimu huu yalikuwa madogo kuliko ya nyuma. Hizo ndizo dalili, na ukiziona zimekuja pamoja usidanganywe na mtu anayetaka kukuuzia mbolea. Shida ni nafasi.

Nilifika asubuhi na bajaji, chungu kati ya miguu. Kijana mmoja akaja kunipokea, naye nitamrudia. Mzee alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyofunikwa, anapalilia vichaka vya waridi vilivyo ndani ya viriba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umemwagilia lini huyo?"

Hakuuliza naishi wapi, hakutaja bei. Nikamwambia jana jioni. Akasema vizuri, maana mmea wenye kiu hauhamishwi: mizizi mikavu inakatika hovyo, na iliyoshiba inapindika bila kuvunjika. Kama ningeupeleka mkavu, alisema, angeutia kwenye beseni la maji kwanza na kuniambia nirudi mchana.

Alivyoutoa ndivyo vilivyonishawishi kwamba hapa kuna fundi. Alikilaza chungu ubavu, akakibonyeza huku anakiviringisha chini mpaka kikaachia, kisha akashika mmea chini kabisa, pale majani yote yanapokutana. Hakuvuta jani hata moja. Ukatoka mzima, na udongo haukuonekana: mizizi mitupu, imezunguka chungu chote ikaishia kujifunga yenyewe. Mimi ni mtu wa nywele, na kile nilikijua mara moja. Ni kichwa kilichokaa na msuko miezi, ambacho msusi mwenye haraka atakiingiza chanuo kuanzia juu na kuondoka na nusu ya nywele. Mzee akaanzia nchani. Alikuwa na ndoo ya maji pembeni, anachovya, anachambua kwa vidole, anapandisha taratibu kuelekea juu, anachovya tena. Palipokataa kabisa alikata, akaacha.

Kisu chake alikipitisha kwenye spiriti kabla ya kukata. Natamani baadhi ya mafundi wa nywele mjini hapa wangemwona. Mizizi aliyoondoa ni ile ya kahawia iliyolainika. Alinionyesha jinsi ya kuijua: ukiubana mzizi kwa kidole gumba na cha shahada ukauvuta, ulio hai unabaki mgumu, una rangi ya maziwa, uliokufa unavuka ganda lake lote na kukuachia uzi mwembamba ndani. Tulitoa kiganja kizima cha hiyo. Nami nikasaidia kushika, bila glovu, na mkono ukaniwasha mpaka nilipoosha kwa sabuni. Chukueni glovu.

Kisha akatafuta mahali pa kuugawa. Pisi lili haikui kwa shina moja, inazaa watoto pembeni, na kila mtoto akishakuwa na mizizi yake anaweza kujitegemea. Wangu ulikuwa na mafungu matatu. Mawili akayatenganisha kwa mikono, kisu kikagusa sehemu moja tu iliyoshikana. La tatu alipolifikia akalichungulia chini, akaliacha lilipo.

"Huyu bado ananyonya," akasema. Lilikuwa na majani manne na mizizi miwili ya kubabaisha.

Angetaka hela, angelikata na kuniuzia chungu cha tatu, na mimi nisingejua mpaka lifie saluni. Hapo ndipo bei ya 5,000 ilipoanza kuonekana ndogo.

Sasa udongo, na hapa nitakaa kidogo, maana ndiko pesa yenu inakoenda. Mzee ana rundo lake nyuma ya kibanda, limefunikwa turubai. Nilimuuliza amechanganya nini, akaniambia bila kuficha: sehemu mbili za makumbi ya nazi yaliyosagwa, sehemu moja ya udongo mweusi wa juu, sehemu moja ya maganda ya mpunga yaliyochomwa mpaka yakawa meusi bila kufika kuwa majivu, na nusu sehemu ya samadi iliyokaa mpaka haina harufu. Makumbi yanashika maji. Maganda ya mpunga yanaacha hewa ipite. Udongo unaupa mchanganyiko uzito ili mmea usiyumbe, na samadi ni chakula cha kuanzia, si karamu.

Kuhusu makumbi, mzee ana msimamo ambao watu wa pwani wataupenda. Hachukui yale yaliyozikwa kwenye tope la bahari kwa ajili ya kusokota kamba, kwa sababu yamejaa chumvi. Anakusanya mabichi kwa wanaokuna nazi, anayaloweka kwenye pipa na kubadilisha maji mpaka yale ya rangi ya chai yanaisha, ndipo anayaanika na kuyasaga. Hata makumbi ambayo hayajaonja bahari yanaweza kuwa na chumvi, kwa hiyo wewe unayetengeneza mwenyewe nyumbani usiruke hatua hiyo. Na mchanga wa ufukweni usiuguse kabisa, hata kama unapita Kawe kila siku na ni wa bure.

Kipimo chake cha udongo ni hiki: shika konzi moja iliyolowana, ibane kwa nguvu. Maji yakichuruzika kati ya vidole, ni mzito mno. Ukifungua kiganja donge likabaki, ukaligusa kidogo likafunguka, huo ndio. Nilipofika saluni nilijaribu nao ukafunguka vizuri.

Ila kuna udongo mwingine pale. Vijana wanauza kiroba kilekile, kwa 6,000 ileile, na ndani ni udongo mwekundu na samadi ambayo bado inanuka ng'ombe. Nilimwona mama mmoja aliyenitangulia akipakiwa viwili kwenye gari. Udongo ule ukilowa unanata, ukikauka unageuka tofali, na samadi mbichi inaunguza mizizi iliyotoka kuchambuliwa. Labda kwa migomba, sawa. Kwa mmea wa kivuli unaoishi ndani ya chungu, hapana. Sidhani kama ni wizi. Nadhani hakuna aliyewahi kuwauliza tofauti. Fungua kiroba, ingiza mkono mpaka chini, nusa. Ukikuta wekundu, sema unataka ule wa turubai.

Tuje kwenye chungu, ambako kijana aliyenipokea alijitahidi sana. Alikuwa ameshaniletea kile cha zege, kimepakwa rangi ya dhahabu, kipana mara mbili ya changu.

"Anti, hiki ndicho cha saluni. Utakaa nacho miaka hujabadilisha."

Mzee hakumgombeza. Aliweka mizizi yangu katikati ya kile chungu, akapima nafasi iliyobaki pembeni kwa shubiri, akatikisa kichwa, akaiweka kwenye chungu cha plastiki ambacho nafasi yake ilikuwa vidole viwili kila upande. Sababu yake inaeleweka ukiifikiria: mizizi inakunywa maji ya pale ilipofika tu. Udongo wote uliobaki pembeni unakaa na maji yasiyo na mnywaji, unachacha, na uozo unaanzia huko kuingia ndani. Sentimita tatu au nne za ziada zinatosha mpaka mwaka kesho au keshokutwa. Mtu akikuuzia chungu cha kukaa nacho miaka, anakuuzia kinamasi.

Zege lina lingine. Likiwa jipya linatoa chokaa kila unapomwagilia, na mmea huu unapendelea udongo wenye uchachu kidogo. Ukilipenda sana, lijaze maji na kuyamwaga mara kadhaa kabla ya kupanda, au panda kwenye plastiki na ukiingize ndani yake kama pambo. Vya udongo wa kuchoma vinapumua vizuri, lakini vinakauka haraka. Vinawafaa wenye mkono mzito wa maji na wenye kaktasi. Mimi nilichukua plastiki, na kwa nje nimeviingiza kwenye vikapu vya ukindu nilivyokuwa navyo. Hakuna anayejua bei ya kilichomo ndani.

Nilimwomba atie kokoto chini, maana tangu zamani tumekuwa tukiambiwa zinasaidia maji kutoka. Akakataa. Maji, alisema, hayaruki kutoka kwenye udongo kwenda kwenye kokoto mpaka udongo wote wa juu uwe umelowa chapachapa. Kwa hiyo kokoto zinapandisha tu ile sehemu yenye maji mengi, zinaisogeza karibu na mizizi, na zinakula nafasi. Nimesoma baadaye na ndivyo wataalamu wa udongo wanavyosema. Yeye chini aliweka kipande cha chandarua kilichochakaa, udongo usitoke kwenye matundu, basi.

Kupanda kwenyewe kulikuwa kwepesi. Udongo kidogo chini, mmea juu yake kwa kimo kilekile ulichokuwa nacho zamani, maana ukizika pale majani yanapotokea panaoza. Anajaza pembeni, anagonga chungu chini udongo ujipange, hashindilii kwa ngumi. Akaacha nafasi ya kidole kimoja chini ya ukingo ili maji yasimwagike nje. Akamwagilia mpaka yakatoka chini, akasubiri, udongo ukashuka, akaongeza kidogo.

Halafu akaangalia ncha za majani yangu, zilizokuwa na ukahawia, akaniuliza:

"Kwako mnatumia maji ya kisima?"

Jamani. Sinza bomba likikatika tunanunua ya kisima kama watu wote, na visima vingi vya Dar vina chumvi. Angalia birika lako. Chumvi ile haiondoki na maji. Mmea unakunywa, maji yanapotea hewani kupitia majani, chumvi inabaki, inakusanyika kwenye udongo na kuunguza ncha. Kulaza maji kwenye ndoo usiku kucha kunasaidia klorini ya bomba kuondoka, ila kwa chumvi hakufui dafu. Ndugu zangu wa Arusha nao wajue kwamba floridi ya maji yao haiondoki hivyo, na pisi lili haiipendi. Dawa ni maji ya mvua ukiwa na pa kuyakinga, na mzee alinipa wazo ambalo lilikuwa juu ya kichwa changu muda wote: maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi. Hayana chumvi, ni ya bure, na kila saluni yenye kiyoyozi inayamwaga. Nimetega dumu. Ikibidi kutumia ya kisima, mara moja moja umwagilie ya mvua au ya kiyoyozi kwa wingi mpaka yapite chini, uoshe ile chumvi.

Masharti ya kurudi nayo nyumbani yalikuwa machache: kivuli, maji udongo wa juu ukianza kukauka, na mbolea isiguswe mpaka jani jipya litoke. Alinionya pia kwamba majani yatalala, na kwamba hapo ndipo watu wanapoua mimea yao, wanapoona imelala wanaongeza maji kila saa wakati mizizi iliyokatwa haina uwezo wa kuyanywa. Yalilala kweli. Mkubwa uliinuka mapema. Mdogo ulichelewa, ukaachia majani mawili ya pembeni yakawa njano, nikayakata chini kabisa. Sasa yote miwili inasukuma majani mapya, yale yanayotoka yamejikunja, na mkubwa umeshatoa kikonyo cha ua. Ncha mpya hazina ukahawia. Huo ndio ushahidi nilionao, na kwangu unatosha kuwapa nyota.

Kero sasa.

Hakuna bei iliyoandikwa popote. Nilitajiwa kiroba 8,000 na kijana, 6,000 na mzee, tukiwa tumesimama palepale. Risiti usiulize.

Kuna tabia ya kupaka majani mafuta ili yang'ae. Kijana alianza kuupaka wangu wakati mzee amekwenda kuchota maji, kwa kitambaa ambacho nisingekiruhusu kifute hata kioo. Mafuta yanaziba matundu ya jani na yanashika vumbi la barabara. Kitambaa chenye maji matupu kinafanya kazi nzuri zaidi. Nikamzuia, akashangaa, kwa sababu wateja wengine wanapenda.

Pisi lili wanazouza wao wenyewe wanazipanga mbele, juani, zionekane na wenye magari. Mmea wa kivuli! Zile za mbele zimeshapauka, majani yana madoa ya kuungua. Kama unanunua, pita mpaka nyuma chini ya neti, na ugeuze chungu uone matundu ya chini.

Na ile hadithi ya hewa. Kijana aliniambia, kwa sauti ya tangazo la redio, kwamba pisi lili moja inasafisha hewa ya saluni nzima, "hata NASA wamesema." Jaribio lipo kweli. Mwaka 1989 NASA, shirika la Marekani la safari za anga, waliweka mimea ya ndani, pisi lili ikiwemo, kwenye visanduku vilivyozibwa, wakapima jinsi inavyopunguza kemikali mbaya za hewani: benzini, fomaldehidi na trikloroethilini. Lakini saluni si kisanduku kilichozibwa. Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, walipitia majaribio ya namna hiyo ya miaka 30 wakaonyesha kwamba ili mimea ifanye kazi sawa na hewa inayoingia na kutoka kwenye jengo la kawaida, unahitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita moja ya mraba. Wateja wangu watakaa wapi? Baadhi ya dawa za kunyoosha nywele zinatoa fomaldehidi zikipashwa moto, kwa hiyo wenzangu wa saluni nawaomba sana hili lisiwapite: fungueni dirisha, washeni feni ya kutoa hewa. Ua ni la kupendezesha macho.

Wenye watoto wanaotambaa na wenye paka, liwekeni juu. Paka akilitafuna atatokwa mate na kuwashwa mdomo. Haliko kwenye kundi la yungiyungi za kweli zinazoua figo za paka, jina tu limekaribiana, lakini hakuna sababu ya kumtesa.

Usafiri wao nao si wa kutegemea. Walinitafutia bodaboda wa kubeba chungu cha pili, akakifunga na mpira wa kubebea mizigo juu ya majani, jani moja zuri likavunjika kabla hata hajawasha pikipiki. Nikakishusha. Vyote viwili vikarudi nami kwenye bajaji, mmoja mbele ya magoti na mwingine kwenye kiti, na dereva akanitoza kama abiria wawili. Ukiwa na mimea mingi kodi kirikuu, na uivizie siku isiyo na upepo au uifunike kwa kanga.

Nyota nne kwa mzee, angepata tano angekuwa na bei ukutani. Kwa vijana, mbili, na zote ni za ucheshi. Mzee yupo kuanzia asubuhi mpaka adhuhuri, akienda kuswali anapitiliza kupumzika, na mchana wote biashara inabaki kwao. Ijumaa harudi kabisa. Beba kiroba chako mwenyewe, kwa sababu kitupu wanakitoza 500.